Kila Kichwa na Ukurasa Wake

Shemeji yangu ni kinyozi, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kumwambia mtu neno la maana huku akimtazama usoni. Alipokuja kumposa dada yangu alizungumza na pazia. Mjomba wetu aliuliza baadaye kama kijana ana tatizo la macho. Lakini mpe kichwa, mfunike mwenye kichwa kitambaa hadi shingoni, mgeuzie kisogo, halafu keti usikilize: mpira, bei ya saruji, mambo ya marehemu na ya wale wanaokaribia kuwa marehemu. Mashine ya kunyolea anayo, lakini haipendi kwa kuwa kelele zake zinamkatiza maneno. Yeye ni mtu wa mkasi. Mkasi ukienda, ulimi unaenda. Mkasi ukilazwa mezani, basi umepoteza mtu.

Nayajua haya kwa sababu saluni yangu ya kusuka imepakana na kibanda chake, na kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao nyembamba wenye tundu pale msumari ulipong'oka. Mimi si mchunguliaji. Tundu lenyewe liko usawa wa jicho langu nikikaa, sasa nifanyeje, nisuke nimefumba macho?

Dada yangu, mke wa huyo shemeji, ndiye alikuwa tangazo la biashara yangu. Nywele zake zilifika katikati ya mgongo, nyeusi tii, nzito, na ukianza kuzisuka asubuhi unamaliza jua limeshageuka. Wanawake walikuwa wakimwona barabarani wanauliza, "Umesukwa wapi?" Na zamani nikimsuka alikuwa anasinzia. Kichwa kinanilemea mapajani, mdomo wazi, mate yanataka kutoka, nami namsema mpaka nachoka. Tangu alipojifungua mtoto wa tano hakusinzia tena. Alikaa macho kodo akihesabu mbao za ukuta.

Uzazi ule ulitaka kuondoka naye. Damu ilitoka mpaka godoro likatupwa, presha ikapanda, na daktari akasema mbele yetu sote bila kupamba, "Mama, ukirudi hapa na mimba nyingine, sikuahidi kwamba utatoka." Shemeji alikuwepo. Alikuwa anatazama dirisha.

Dada akahangaika peke yake. Vidonge akazuiwa kwa ajili ya presha, sindano nazo hivyo hivyo. Akawekewa kitanzi, kwake yeye kikaleta damu nyingi mpaka kikatolewa. Akajaribu vijiti vya mkononi, kichwa kikamuuma wiki baada ya wiki. Kila mwili na majibu yake, alisema nesi, wako wanawake kibao mtaani wanaotumia hivyo vyote bila neno, lakini mwili wa dada yangu ulikuwa umekataa kusuluhishwa. Zikabaki kondomu, ambazo shemeji alizikumbuka kama watu wanavyokumbuka mwamvuli, mvua ikishaanza.

Sasa sikia kichekesho. Katika wanaume wote wa mtaa huu, nani alichaguliwa kuwa mshauri wa uzazi wa mpango? Huyo huyo.

Nesi wa zahanati yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha walevi, alikuwa amechoka kuona wanawake wanakuja wenyewe, wanashauriwa, wanachagua, halafu wanarudi kesho yake wakisema, "Sista, baba watoto kakataa." Akasema wanaume hawaji zahanati mpaka wabebwe, ila kwa kinyozi wanakwenda kwa miguu yao. Basi vinyozi wakaitwa ukumbini, wakafundishwa, wakapewa fulana, na kila mmoja akakabidhiwa bango kubwa la kurasa za picha, za kupindua moja baada ya moja. Mimi sikuitwa. Eti saluni za kike haziko kwenye mpango. Wateja wangu wanakaa kwangu nusu siku, nami nina mdomo, kwa hiyo kupitia lile tundu walisikia kila kitu tangu mwanzo. Wanawake wa mtaa huu wakawa wanajua somo zima kuliko waliolengwa.

Nesi alimpa shemeji onyo moja: "Usiruke ukurasa." Naye akalishika kama kiapo. Kitu ambacho nesi hakusema, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu angefikiri kinahitaji kusemwa, ni kwamba kila mtu aanziwe mwanzo. Shemeji alilisoma lile bango kama mtu anavyosoma kitabu: ulipoishia ndipo unapoendelea. Nywele za mteja zikiisha, anabana kibanio cha nguo kwenye ukurasa alipofika, anakung'uta kitambaa, anamkalisha mwingine, anaendelea. Unakaa tu kitini, unaambiwa, "Na ndiyo maana usisahau hata siku moja." Usisahau nini? Hilo aliambiwa aliyetoka.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtaani kwetu likawa kweli kwa kipimo cha mkasi. Mwenye nywele nyingi alitoka na kurasa mbili. Mwenye nywele haba alitoka na sentensi. Na mzee tunayemwita Kipara, ambaye juu hana kitu na huja kunyolewa ndevu tu, alikuwa mteja wa kwanza kila mara kibanda kinapofunguliwa. Shemeji kila asubuhi hurudia ukurasa wa salamu kwa adabu kabla ya kurudi kwenye kibanio. Salamu ikiisha, ndevu zimeisha. Basi Kipara alikuwa bingwa wa ukurasa wa kwanza.

Seremala aliangukia ukurasa wa madhara madogo madogo. Alisikia kichefuchefu, kizunguzungu, maumivu ya kichwa, akainuliwa kitini kabla ya kufika pale panaposema kwamba mengi hupita na mtu anaweza kubadilisha njia. Hakujua ni madhara ya nini. Akaenda nayo nyumbani, na ndani ya muda mfupi akawa nayo yote. Tulimkuta ameegemea meza yake ya randa, jasho linamtoka. "Ni ule ushauri," alisema. "Umenikataa."

Lakini wa Kichaka ndio ulikuwa msiba. Kichaka ni fundi baiskeli, nywele zake zimemea hivyo hivyo alivyoitwa, na huja kunyoa kwa nadra. Siku yake shemeji alikuwa amefika ukurasa wa sindano, sehemu ya chini. Kichaka akasikia hivi: "Kila miezi mitatu, bila kukosa. Hata ukijiona huna shida, njoo. Ukichelewa, kinga imekwisha." Kitambaa kikakung'utwa. Kichaka akaelewa kwamba kinachokinga ni kule kunyolewa.

Tangu hapo hakukosa. Miezi mitatu ikitimia huyo hapo, mapema kwenye benchi, anatabasamu kama mtu mwenye siri. Na hizo mara zilizofuata hakusikia neno lolote, maana alikuwa anasinzia kitini kwa kuamini kazi inafanyika yenyewe. Mkewe alipomwambia ana mimba, alitoka karakana na spana mkononi akaja mbio.

"Nimekosa lini? Sema! Nimekosa lini?" Alikuwa anampiga shemeji kidole cha kifua. "Hata nilipokuwa na homa nilikuja!"

Shemeji, mkasi ukiwa mezani, alitazama kioo. Ikabidi niwapigie kelele kupitia tundu, "Kichaka! Sindano anachomwa mkeo! Wewe ulikuwa unapunguzwa nywele tu!"

Nesi alipopata habari alikuja na mkaguzi wa mpango ule, mtu wa tai, aliyekuwa na hamu ya kuona wanaume waliobadilika. Kwa bahati mbaya wa kwanza kumkuta alikuwa Kipara. Mkaguzi akamuuliza amejifunza nini kwa kinyozi.

Kipara akamshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu sana, ndugu yangu. Jisikie huru. Yote tutakayozungumza hapa ni siri yetu."

Mkaguzi akasubiri. "Halafu?"

"Halafu nini? Hapo ndipo ndevu zinapoishia."

Mkaguzi aliondoka amefurahi sana. Alisema hajawahi kupokelewa vizuri namna ile. Nesi hakufurahi. Alimchachafya shemeji mbele ya wateja: kila mtu aanziwe mwanzo, kila mtu amalize! Shemeji akamjibu kioo, huku akimkata mtu nywele za sikioni, "Sista, mimi naenda na nywele. Kichwa kikiisha nimzuie mtu kwa lipi?"

Wanaume wenyewe ndio wakatafuta njia. Wakawa wanakaa kwenye benchi na kubadilishana. "Wewe una ukurasa gani?" "Mimi nina vijiti. Wewe?" "Kondomu, lakini nusu." Seremala alitaka kugawa madhara yake, hakuna aliyeyataka. Polepole, kipande kwa kipande, somo likaanza kuungana, na wake zao wakaja kuniambia kwamba mabwana wanauliza maswali nyumbani, tena ya maana. Sikatai, yule shemeji na wazimu wake alifanya kazi. Hata mke wa Kichaka alipojifungua salama, walikwenda zahanati pamoja kuchagua njia, Kichaka kambeba mtoto na hajui amshike vipi.

Ukurasa mmoja tu haukuwa na mwenyewe, nao ni wa mwisho. Nilishalipekua lile bango siku shemeji alipokwenda kula, nikauona: mwanamume aliyefunga uzazi, amesimama na mkewe, wote wanacheka, na chini yake maneno ya kufungia somo: Una swali? Shemeji akiukaribia ule ukurasa, mimi kwa upande wangu namsikia anavyokohoa. Kikohozi kikavu, cha kutengenezwa. Kikiisha, keshapindua bango zima na anamwambia mtu, "Karibu sana, jisikie huru." Yeye aliyeapa kutoruka ukurasa.

Hapo ndipo hasira zangu zilipokaa. Mganga hajigangi na kinyozi hajinyoi, najua, lakini dada yangu alikuwa anabeba kifo chake kama mtu anavyobeba ndoo iliyojaa, taratibu, asitikise, na mumewe yuko hapo hapo anawashauri mafundi baiskeli. Nilimwambia dada, "Zungumza naye." Akasema, "Nikianza, anatazama dirisha. Nimeolewa na kisogo."

Halafu ukapita wakati ambao siku zake zilichelewa. Hakumwambia mtu ila mimi. Alikuja kila asubuhi akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hataki kusukwa wala chai. Nilikuwa nawasuka wengine huku jicho langu liko kwake, mteja mmoja akalalamika mistari imepinda. Niliogopa. Nilianza kuwatazama watoto wake watano na kupanga kichwani nani atalala wapi kwangu, nikajichukia kwa kupanga. Kisha siku moja dada akaja ameegemea mlango, analia na kucheka kwa pamoja. Zilikuwa zimekuja.

Tukakumbatiana. Akajifuta uso kwa kanga yangu, akasema, "Sirudii tena kungoja hivi. Nakwenda kunyolewa."

Nikadhani furaha imempanda kichwani. Kabla sijamjibu alikuwa ameshaingia kwa jirani. Nikawahi tundu langu.

Kipara alikuwa kitini, shavu moja limepakwa povu. Kwenye benchi Seremala na Kichaka. Dada akasema, "Mzee wangu, niazime kiti," na Kipara akainuka na povu lake.

"Mama watoto," shemeji akamwambia kioo, "umekosea mlango. Saluni ya kike ni hiyo ya pili."

"Sijakosea. Ninyoe."

"Kidogo?"

"Zote. Na uanze mwanzo."

"Mwanzo wa wapi?"

"Wa bango."

Nilitaka kupiga yowe. Nywele zile nimezilea mimi, mafuta yangu, vidole vyangu! Lakini mkasi ulikuwa umeshashika msuko wa kwanza, nikausikia unavyokatika, nikauma kitana mpaka jino la kitana likavunjika. Na ulimi wa shemeji ukafunguka, kama kawaida yake.

"Karibu sana, mama," akasema. "Jisikie huru. Yote tutakayozungumza hapa ni siri yetu." Alisema hivyo mbele ya wanaume watatu na tundu. Kipara akawa anatingisha kichwa kwa kila neno, maana hapo alikuwa nyumbani.

Akaenda ukurasa kwa ukurasa. Alipofika vidonge akauliza, kama alivyofundishwa, "Je, umewahi kuvitumia?"

"Nimewahi. Presha."

Sindano, hivyo hivyo. Kichaka akamnong'oneza Seremala, "Kumbe ni mkono ndio unaochomwa." Vijiti. Mkasi unakata, nywele zinarundikana miguuni, na bado ziko nyingi, maana hakuna kichwa mtaani kilichowahi kumpa shemeji nafasi kubwa namna ile. Akafika kitanzi. Je, umewahi?

"Nilitoka damu mpaka binti yako mkubwa akawa ananifulia mashuka kabla ya kwenda shule."

Mkasi ukasimama. "Hukuniambia."

"Hukuwa na mkasi mkononi," dada akasema. "Endelea."

Akaendelea, lakini sauti imeshuka. Kondomu. Akaisema upesi upesi, kwa aibu. Madhara, yote, mpaka mwisho wake, na Seremala akasikia kwa mara ya kwanza kwamba hupita. Nikamwona anajipapasa paji la uso na kupumua. Kufunga uzazi kwa mwanamke: kwa presha ile, daktari alishasema hapendi kumpasua. Na hapo nywele zikaisha. Kichwa cha dada yangu kilikuwa cheupe kwa mwanga wa mlangoni.

Shemeji akakohoa.

"Hicho kikohozi utakimalizia nyumbani," dada akasema. "Fungua ukurasa."

"Nywele zimekwisha, mama watoto."

"Kata hewa."

Naye akakata hewa. Naapa. Alisimama nyuma ya kichwa kisicho na unywele, mkasi unalia cha, cha, cha, akapindua ukurasa wa mwisho kwa mkono wa kushoto. "Njia hii," akasema, "ni ya mwanamume. Ni upasuaji mdogo. Hauchukui muda, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hauondoi nguvu za kiume. Lazima aendelee na kondomu kama miezi mitatu, mpaka apimwe na kuambiwa tayari. Ni ya kudumu, kwa hiyo ni ya watu walioamua."

"Na sauti?" Seremala akauliza.

"Sauti haibadiliki," shemeji akajibu, na sauti ikampasuka katikati kama ya mvulana. Hakuna aliyecheka. Akasoma maneno ya chini. "Una swali?"

"Ninalo moja tu," dada akasema. "Lini?"

Mkasi ukakata hewa mara chache zaidi, kisha ukatua mezani. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza. Kipara akashindwa kuvumilia. "Mjibu mwenzako, bwana, povu linanikauka."

Shemeji akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akazunguka kiti. Akasimama mbele ya dada, mikono mitupu, akamtazama. Alikuwa hajawahi kuliona kovu la utosini alilolipata dada tukiwa watoto, wala masikio yake yalivyokaa. Alitazama muda, midomo inatafuta pa kuanzia.

"Kesho," akasema. "Nilikuwa naogopa."

"Na mimi naogopa," dada akamwambia. "Naogopa kufa."

"Najua. Kesho."

Nililia pale pale kwenye tundu. Sijui kama nilililia zile nywele au lile neno.

Kesho yake walikwenda, mke kipara, mume kimya. Nesi akamshauri upya tangu ukurasa wa kwanza, na alipomuuliza kama anahitaji chochote kabla ya kuanza, shemeji aliomba ashike mkasi. Wakampa ule butu wa kukatia bandeji. Dada anasema daktari alitoka mle chumbani akiwa anajua bei ya saruji ya maduka yote ya mtaani.

Aliporudi kazini walimchunguza kama mbuzi wa mnada. Walimwamuru aimbe, wakamwamuru anyanyue gunia, Kichaka akamtazama ndevu karibu karibu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Na shemeji sasa amebadilisha mtindo: kila asubuhi, badala ya kuanza na salamu, anaanza na ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo aliyeupata kwanza alikuwa Kipara. Miaka yote akipata ukurasa mmoja, siku hiyo ukamtosha. Alifuta povu, akavaa kofia, akauliza zahanati wanafungua saa ngapi. Mkewe, ambaye ni mdogo kwake kwa mbali, alinijia akiwa ameshika kiuno, akauliza ni nini hicho kimempata mzee mpaka anamkaribisha ajisikie huru.

Miezi ikapita, shemeji akaenda kupimwa. Siku majibu yalipotoka dada alikuja kwangu moja kwa moja kutoka zahanati. Alivua kitambaa cha kichwani na kukaa kwenye kigoda. Nywele zilikuwa zimeota kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole, fupi, kaidi, za kuteleza. "Suka," akasema. "Zinazoshikika."

Nikaanza kwenye kisogo. Upande wa pili wa ukuta mkasi ulikuwa unaenda na mtu anaulizwa kama ana swali. Nikawa namweleza dada kwamba itachukua muda mrefu kabla hajawa tangazo tena, kwamba biashara yangu imeumia, kwamba kitana nilichovunja lazima mumewe aninunulie kingine. Kichwa chake kikaanza kunilemea mapajani, kidogo kidogo, mpaka uzito wote ukanijia. Nikainama kumtazama: macho yamefumba, mdomo wazi. Nikaacha kusema, nikaendelea kusuka taratibu ili nisimwamshe.